Reinata Sadimba: Udongo Uliorudiwa Ukubwani

Wahenga wamesema udongo uwahi ungali maji, na tangu zamani maneno hayo yamekuwa hoja ya mzazi mbele ya mtoto mkaidi. Maana yake haina fumbo: kinachotaka kufinyangwa kifinyangwe mapema, kwani kikishakauka hakikunjiki tena. Lakini methali hiyo, kama nyingi zilizokopwa kutoka kwenye kazi za mikono, imebakia midomoni mwa watu wasioifanya kazi yenyewe. Mfinyanzi analijua jambo ambalo methali imelinyamazia. Udongo uliokauka pasipo kuchomwa hutwangwa, hutiwa maji, hulazwa siku kadhaa, ukarudi kuwa udongo. Hata uliokwisha kuchomwa ukavunjika haupotei wote: gae husagwa likachanganywa na udongo mbichi, ili chungu kipya kisipasuke motoni. Kilichochelewa, basi, hakikutupwa nje ya kazi.

Msanii ambaye kazi zake zinamlazimisha mtu kuipima upya methali hiyo ni Reinata Sadimba, Mmakonde wa Msumbiji. Alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Nemu, kwenye uwanda wa juu wa Mueda, jimbo la Cabo Delgado. Wazazi wake walikuwa wakulima. Kama wasichana wengine wa rika lake, alifundishwa kufinyanga vyombo vya matumizi ya nyumbani. Vita vya ukombozi vikaja, naye akashiriki upande wa FRELIMO. Uhuru wa Msumbiji ulipopatikana mwaka 1975 alikuwa na miaka thelathini, na ndipo alipouendea udongo kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu: vyombo vikaota vichwa, matumbo, miguu na macho. Katika miaka ya themanini alihamia Tanzania, akaonyesha kazi zake Dar es Salaam. Mwaka 1992, mwaka wa mkataba wa amani uliotiwa saini Roma, alirejea nchini kwake akatua Maputo, ambako Augusto Cabral, aliyekuwa mkurugenzi wa Makumbusho ya Historia Asilia, alimpatia mahali pa kufanyia kazi. Licínio Azevedo alimtengenezea filamu ya hali halisi, *Mãos de Barro*, yaani "Mikono ya Udongo", mwaka 2003. Leo maumbo yake yamo katika makumbusho ya Maputo na ya Lisbon.

Atakayesema kwamba miaka thelathini si ukubwani sana atakuwa amesema kweli ya kalenda. Lakini kwa mwanamke wa Mueda wa kizazi kile, aliyeanza kukanda udongo utotoni, akaozwa, akazaa, akapita vitani, miaka thelathini ilikuwa umri wa kuhesabiwa miongoni mwa wanaofundisha, si wanaojaribu. Tena kazi iliyomtangaza duniani ni ya baada ya 1992, alipokuwa anakaribia hamsini. Kwa hiyo linaloulizwa hapa linahusu aina ya kurudi kuliko idadi ya miaka: mtu anapokirudia alichofundishwa akiwa mtoto, je, anarudia, au anaanza?

Wahakiki wengi hawakulikabili swali hilo. Walichofanya ni kumsifu, na sifa zao zimekuwa za namna mbili. Wapo wanaomwita sauti ya Wamakonde, kana kwamba kabila zima limeketi na kufinyanga kwa mikono yake. Wapo wanaosema kazi zake ni ndoto, ni ajabu, ni mambo ya ulimwengu mwingine. Sifa zote mbili zina ukarimu, na zote mbili zinamnyang'anya jambo moja. Ya kwanza inampa utungaji ukoo. Ya pili inaupa usingizi. Hakuna kati ya hizo inayokubali kwamba mwanamke huyu aliketi, akaamua, akakosea, akabomoa, akaamua tena, kama afanyavyo mshairi anayekataa kina kilichokuja kwa urahisi.

Ili kuona alichokiamua, yafaa kwanza kukiangalia alichokiacha, na kwa msomaji wa upande huu wa Ruvuma mahali pazuri pa kuangalia ni Nachingwea na Ruangwa, katika mkoa wa Lindi. Nchi hiyo, iliyo kati ya mto Mbwemkuru na mto Lukuledi, ni ya Wamwera kwa wingi, pamoja na Wamakonde, Wamakua na Wayao. Ni watu ambao kwa jadi ukoo umehesabiwa upande wa mama, na ambao chungu kimetoka mikononi mwa mwanamke. Mwenye kukulia Naipingo au kijiji kingine cha wilaya hizo hahitaji kufafanuliwa utaratibu wenyewe. Udongo huchimbwa bondeni, huanikwa, hutwangwa, huchambuliwa vijiwe, hulowekwa, hukandwa. Hakuna gurudumu. Mfinyanzi ndiye anayekizunguka chungu, au anakizungusha kwa mkono juu ya kigae, akipandisha ukuta taratibu, akilainisha kwa gunzi la hindi au kipande cha kibuyu, kisha kwa kokoto iliyong'arishwa na mikono ya waliomtangulia. Chombo hukaushwa kivulini kwa siku nyingi, maana jua la haraka hukichana. Halafu huja moto wa wazi, wa kuni, magome na nyasi, usio na mlango wala kipimo. Asubuhi yake majivu huondolewa na hesabu hufanywa: vilivyosalimika na vilivyopasuka.

Katika kazi hiyo hapakuwa na nafasi kubwa ya kusema "mimi". Hii haina maana kwamba hapakuwa na uzuri, au kwamba vyungu vyote vilifanana. Mwenye jicho aliweza kuutambua mdomo wa mtungi wa fulani sokoni bila kuuliza. Lakini tofauti hiyo ilikuwa kama sauti ya mwimbaji ndani ya kiitikio: inasikika, haitangulii. Umbo liliamriwa na jiko, na kisima, na kichwa cha mbebaji. Mtungi wenye shingo pana humwaga maji njiani. Chungu chenye kitako chembamba hakikai mafigani. Mapambo yalikuwa ya wote, na aliyeyachora hakuyatia jina.

Kusini huko kumepitiwa na mambo makubwa kupita kiasi kwa nchi iliyoachwa pembeni muda mrefu. Mwaka 1947 Waingereza waliuleta mpango wa karanga, wakafyeka misitu ya Nachingwea, wakajenga reli hadi bandari mpya ya Mtwara, kisha mwaka 1951 mpango ukavunjwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962. Katika mashamba hayohayo yaliyoachwa, FRELIMO walifungua katikati ya miaka ya sitini kambi yao kuu ya mafunzo. Na mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake, ishirini na watano, waliotoka Cabo Delgado na Niassa, walifika Nachingwea kujifunza kutumia silaha. Josina Machel alikuwa mmoja wao.

Yafaa kusimama kidogo juu ya wanawake hao, ijapokuwa Reinata hatajwi miongoni mwao. Kwa kawaida ya mila, mikono ya binti wa Kimakonde wa umri ule ilikuwa na kazi zake zilizojulikana, na kufinyanga ilikuwa mojawapo. Vita viliipa kazi nyingine. Chungu ni mali ya mtu aliyetulia: ni kizito, hakivumilii safari, na moto wake wa wazi huonekana kutoka mbali, jambo lisilofaa nchi inayorukiwa na ndege za Wareno. Watu waliolazimika kuhama kutoka msituni hadi msituni waliacha nyuma vyombo vyao kwanza. Baadaye hotuba nyingi zilitolewa kuhusu mwanamke aliyeshika bunduki, na zilistahili kutolewa. Kuhusu alichokiweka chini ili mkono upate nafasi ya kuishika, maneno yamekuwa machache.

Basi Reinata alipourudia udongo hakurudi mahali palepale. Baina yake na mtungi wa mama yake palikuwa na vita, na palikuwa na dola mpya ambayo, pamoja na yote iliyomwahidi mwanamke, ilizitazama mila nyingi za vijijini kama mambo ya giza ya kuachwa. Angeweza kufinyanga vyungu vilevile kama ushahidi kwamba hakuna kilichovunjika. Wengi hufanya hivyo wanapoirudia sanaa ya utotoni wakiwa watu wazima. Hutafuta faraja ya kukuta mkono bado unakumbuka. Faraja hiyo si kitu cha kudharauliwa, ila haitoi sanaa mpya. Yeye aliukuta mkono unakumbuka, kisha akaanza kuuliza mkono huo unaweza kusema nini ambacho haukuruhusiwa kusema ulipokuwa unafundishwa.

Tazama maumbo yenyewe. Mara nyingi mwanzo wake ni chungu: tumbo la mviringo, ukuta mwembamba, uwazi juu. Halafu ubavuni panachomoza uso. Au shingo ya mtungi inagawanyika ikawa vichwa viwili, na kila kichwa kinatazama upande wake kama ndugu waliogombana. Au chombo kinaota miguu mifupi minene na kusimama kama mzee aliyekatazwa kuketi. Watoto wamegandamana mwilini mwa mama hata haijulikani nani amembeba nani. Juu ya ngozi ya udongo hupita mistari, pembe na vitone, na anayewajua Wamakonde hutambua mara moja chale zilizochanjwa usoni na mwilini mwa wanawake wa zamani, ambazo Reinata mwenyewe anazo usoni. Katika chungu cha nyumbani mapambo ya namna hiyo yalikuwa urembo wa ukingo. Hapa yamerudishwa mwilini. Mwanamke amekuwa chungu, chungu kimekuwa mwanamke, na chale zimerejea mahali zilikotoka.

Hapo ndipo ulipo uamuzi wake mkubwa. Hakubadilisha ufundi. Udongo ni ule, mkono ni ule, gurudumu halipo. Alichokibadilisha ni msemaji. Msomaji wa ushairi wa pwani anaweza kulielewa hili upesi kuliko mhakiki wa sanaa wa Lisbon, kwa sababu amekwisha kuliona kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Muyaka hakuvunja kina wala mizani. Alizipokea kama zilivyo, na ndani yake akatia njaa yake, wivu wake, fitina za mji wake na vita vya mabwana zake, mpaka imekuwa desturi kusema kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Zaidi ya karne moja baadaye, Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, ugomvi ulikuwa mwingine: je, utungo usio na vina ni shairi? Watu waligombana kwa miaka, wengine kwa kejeli ambazo leo zinasomeka kwa haya. Mfinyanzi wa Mueda hakuhitaji ugomvi wa Kezilahabi. Kwa upande wa umbo yuko karibu zaidi na Muyaka. Lakini swali la wanamapokeo lingeweza kumfikia naye: chungu kisichopikiwa ni chungu? Na jibu la kazi zake bora ni kwamba ndiyo, maadamu bado kina tumbo.

Hilo linahitaji kusemwa wazi, kwa kuwa si kazi zake zote zinazosimama sawa. Zilizo na nguvu kuliko zote ni zile ambamo chombo hakijafukuzwa na sanamu, ambamo uwazi umebaki na jicho linaweza kuingia ndani likakuta giza. Giza lile ndilo linalomfanya mwanamke wa udongo awe na siri. Pale ambapo tundu limezibwa, na umbo limekuwa sanamu tupu yenye vichwa vitatu badala ya kimoja, ajabu yake ni ya mara ya kwanza tu. Mtazamaji hushtuka, hutabasamu, hupita. Yapo maumbo ya namna hiyo, na yamkini soko lina mkono wake humo. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba Reinata ni msanii wa maajabu hutaka ajabu, na ajabu ni rahisi kurudufu kuliko siri. Msanii yeyote aliyeishi kwa kazi ya mikono yake asihukumiwe kwa ukali kwa jambo hilo. Wala lisifichwe.

Mara nyingi amewekwa safu moja na wachongaji wa Kimakonde, na kwa sababu inayoeleweka. Dar es Salaam aliyoikuta miaka ya themanini ilikuwa mji wa mpingo. Tangu mwishoni mwa miaka ya hamsini, Samaki Likankoa alipochonga mashetani yake ya kwanza, mtindo huo ulikuwa umeenea na kupata wanunuzi wa ng'ambo. Na George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 Kikwetu mkoani Lindi, alikuwa anayatoa mashetani kwenye mti na kuyatia rangi kwenye karatasi huko Nyumba ya Sanaa. Viungo vinavyopotoka, jicho moja kubwa, tumbo lililo nje: mambo haya yako kwao na yako kwake. Lakini uchongaji ulikuwa kazi ya wanaume. Hadithi ya asili inayosimuliwa sana miongoni mwa Wamakonde inasema mwanamume wa kwanza, akiwa peke yake, alichonga umbo la mwanamke kwa mti, akalisimamisha, na umbo likawa hai, likawa mke wake na mama wa watu. Ni hadithi nzuri. Ndani yake mwanamke ni kazi ya mchongaji.

Reinata hakuandika hoja kuipinga. Ameketi na udongo, na kutoka mikononi mwake wametoka wanawake wanaotoa wanawake wengine ubavuni, bila patasi na bila mwanamume mlangoni. Tofauti ya vifaa nayo si ndogo. Mchongaji huondoa, akikosea amekosea. Mfinyanzi huongeza, hupunguza, hubomoa, huanza upya kwa donge lilelile. Zaidi ya hayo, sanamu ya mpingo huingia katika mkoba wa mtalii ikavuka bahari salama, ilhali umbo la udongo uliochomwa kwa moto mdogo hupasuka kwa mtikiso mmoja. Kibiashara hiyo ni hasara. Kisanaa huenda iliwahi kuwa kinga: kwa muda mrefu hapakuwa na foleni ya wanunuzi wa kumwambia afinyange nini.

Wala haifai kudhani kwamba udongo wa sura ya mtu ulianzia kwake. Hans Cory, katika kitabu chake kilichotoka London mwaka 1956, alikusanya vinyago vya udongo vilivyotumiwa katika unyago na jando sehemu mbalimbali za Tanganyika, vidogo, vya haraka, vilivyoonyeshwa kwa wari pamoja na wimbo wake na maana yake. Kulikuwa, basi, na udongo wa jikoni na udongo wa mafunzo. Wa kwanza ulionekana na kila mtu. Wa pili ulionyeshwa kwa wanaostahili, na aghalabu haukukusudiwa kudumu. Kazi za Reinata zinasomeka kama mahali ambapo udongo hizo mbili zimekutana: ukubwa na tumbo vimetoka jikoni, sura na ujasiri wa kuonyesha mwili vimetoka katika faragha ya wanawake. Ikiwa usomaji huu ni sahihi, kinachoitwa ndoto si ndoto. Ni elimu iliyotolewa nje ya nyumba yake, na aliyeitoa alikuwa na umri na mamlaka ya kuitoa. Binti wa miaka kumi na mitano asingeweza.

Msanii mwingine wa Afrika Mashariki anayetajwa sana katika ufinyanzi ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza mwaka 1971. Naye hakufuata njia iliyonyooka: alisomea kwanza michoro ya biashara, akauendea udongo akiwa ng'ambo, na katikati ya miaka ya sabini akaenda Abuja, Nigeria, ambako aliwakuta akina mama wafinyanzi, Ladi Kwali miongoni mwao, wakifanya kwa mikono kile ambacho vyuo vilikifanya kwa gurudumu. Mitungi yake imesuguliwa hadi inang'aa, shingo imeinama kama ya mtu anayesikiliza, na haina uso. Odundo huuacha mtungi uwe mtungi mpaka mtazamaji mwenyewe auone mwili. Reinata hana subira hiyo. Mwili anautaja kwa jina. Wapo watakaompendelea Odundo kwa utulivu wake, na kwa umaliziaji wa kazi hawakosei. Lakini utulivu ule ni wa mtu aliyeuchagua udongo. Kwa Reinata kuna kitu cha mtu aliyepewa udongo kabla hajaulizwa, na baadaye akarudi kuulizana nao.

Kisiwani Unguja kuna jina linalokuja lenyewe hapa. Siti binti Saad wa Fumba alikuwa mtoto wa mama mfinyanzi, na kabla ya kusifika alitembeza vyungu mjini akinadi kwa sauti iliyowasimamisha watu milangoni. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodi santuri, na vyungu vikabaki nyuma. Katika simulizi zote za maisha yake udongo ni mwanzo mnyonge unaoachwa ili sauti ipande, na wasimulizi hufurahia umbali kati ya kikapu cha vyungu na baraza ya Sultani. Hakuna aliyefikiria kwamba chungu chenyewe kingeweza kuwa sauti. Si kosa la Siti wala la mwandishi wake. Zama zile mfinyanzi alikula gaeni, kama methali nyingine isemavyo, na hakuna aliyemtazamia kusema neno kwa udongo.

Limebaki suala la weusi. Kazi nyingi za Reinata zimepakwa kinywe, ile madini laini ya kijivu cheusi inayotiwa ndani ya kalamu ya risasi. Kikisuguliwa juu ya udongo hutoa mng'ao mzito, wa baridi, usiofanana na wekundu wa chungu cha kawaida wala na masizi ya jikoni. Ngozi ya maumbo yake, kwa maneno mengine, ni ya kitu kilekile wanachoandikia watoto wa shule. Na kinywe ndicho kinacholipa jina ardhi ya Ruangwa siku hizi. Makampuni yamefika, mashimo yamechimbwa, na shehena hupelekwa ng'ambo kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Balama katika jimbo lake la kuzaliwa, hali ni hiyohiyo. Vijiji vya Ruangwa vinasikia kinywe kikitajwa kwa tani. Mfinyanzi hukitumia kwa ncha za vidole.

Huko Naipingo na jirani zake ndoo ya plastiki na sufuria ya alumini zimekwisha kufanya kazi yake. Mtungi haubebwi tena kichwani kwa ulazima. Bibi aliyeacha kufinyanga kwa sababu hakuna mnunuzi, akiamua leo kushuka bondeni kuchimba udongo, hatakuwa anatafuta chombo cha kupikia. Atakuwa anatafuta kitu kingine, na huenda hata yeye hana neno lake. Chungu kimepoteza kazi, na kwa kuipoteza kimepata uhuru ambao Reinata alilazimika kuutwaa kwa nguvu. Ila uhuru huu wa pili unatisha zaidi, kwa kuwa haukutanguliwa na ubishi wowote. Yeye alikuwa na kanuni ya kushindana nayo, na mama wa kumjibu. Uwanda wa Mueda nao, tangu mashambulizi yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017, umepokea tena watu waliokimbia makwao na kuacha vyombo.

Jambo moja katika maumbo yake halionekani kwenye picha. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo haufungi kabisa. Mtungi wa kienyeji hutoa jasho, na kwa jasho hilo maji yake hubaki baridi mchana kutwa. Kinywe kilichosuguliwa huziba vinyweleo, lakini kwa nje tu. Mwanamke wa Reinata aliyesimama juu ya meza ya makumbusho, vichwa viwili, chale kifuani, uwazi kati ya mabega, akitiwa maji kwa juu angeyachukua. Baada ya muda yangeanza kupenya ndani kwa ndani kwenye ukuta wa udongo, polepole, yakielekea nje.